Jongoo wa Bamburi

Leo tena tumekwenda Haller Park, bustani ya miti na wanyama kule Bamburi, Mombasa, mimi na kitindamimba wangu. Ana miaka saba, ana usonji, na bado hajatamka neno ambalo mtu asiye wa nyumbani angelielewa. Njia nzima alilia. Matatu ilikuwa imefungulia muziki, makanga anagonga bati, naye kajiziba masikio kwa viganja, kajikunja. Abiria mmoja akaniambia nimfunze mtoto adabu. Sikumjibu. Nilimpakata nikamfunika kwa leso yangu.

Kilio hukoma tukifika kwenye mivinje. Si langoni, ni kwenye mivinje hasa, upepo unapopita katika yale majani membamba kama sindano na kutoa mvumo mmoja mrefu usiokatikakatika. Tabibu aliyetufundisha mazoezi alinieleza kwamba mwili wa mwanangu hupokea sauti na miguso kwa ukali kuliko wetu, na kwamba mchanga, maji na kutembea pekupeku huenda vikamtuliza. Siku hiyo nilirudi nyumbani nimenuna. Nilikwenda kutafuta dawa, nikaambiwa mchanga!

Watoto wengine hukimbilia twiga na wale kobe wakubwa. Yeye huwapita. Shauku yake ni jongoo. Akimwona huchutama, akatandaza kiganja chini na kungoja. Yeye, ambaye nyumbani hangoji hata uji upoe, hungoja. Jongoo hupapasa ncha za vidole, kisha hupanda, miguu ikienda mawimbi mawimbi. Mtoto asiyevumilia kola ya shati imguse shingoni anavumilia miguu yote ile, ametulia tuli, mdomo wazi kidogo.

Kwetu jongoo si mdudu wa kushikwa. Hata methali inasema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Shule ya kwanza ya chekechea iliponirudishia mwanangu baada ya wiki mbili, methali hiyo ndiyo iliyonijia: wamemtupa yeye, na mimi pamoja naye.

Lakini pale Bamburi jongoo ana heshima yake. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mweupe wa matumbawe usioota kitu. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti. Alijaribu aina 26, zikastahimili 3 tu, mvinje ukiwamo. Mivinje ikakua, ila majani yake yaliyoanguka yalikataa kuoza, yakarundikana juu ya jiwe. Ndipo Haller alipoona jongoo wakiyala, akaleta mamia yao. Walichokula na kukitoa ndicho kilichogeuka udongo, na miti mingine ikapata pa kushika. Udongo anaoukanyaga mwanangu miguu mitupu umepita tumboni mwa jongoo. Nimemsimulia habari hii mara nyingi. Sijui anachukua kiasi gani, lakini nitaendelea kumsimulia.

Wapo wanaoinadi tiba ya msitu kana kwamba usonji ni homa ya kushushwa. Mwanangu hajapona, wala siendi Bamburi ili apone. Naenda kwa sababu usiku wa siku hizo hulala bila kujipiga kichwa ukutani, na kwa sababu pale hakuna anayemdai jibu. Kinachoniuma ni kiingilio. Mama wengi wenye watoto kama wangu hawakimudu kila wiki. Natamani ipatikane hata asubuhi moja kwa mwezi ya kuwafungulia bure. Kwa sasa, tukikosa pesa, twashuka pwani maji yakitoka, akafukua mchanga mpaka jua lichwe.

Leo kabla ya kuondoka alinishika mkono, akaukunjua vidole kimoja kimoja, akaniwekea jongoo kiganjani. Namwogopa jongoo tangu utotoni. Niliuma meno nisitikisike. Mwanangu akaniangalia usoni, mara moja, akarudi kumtazama mdudu wake. Nilimwacha apande mpaka kwenye kifundo cha mkono.