Maziwa mepesi sio lazima yamewekwa maji, angalia kwanza ng'ombe anakula nini

Kiangazi kikikolea huku kwetu Kilimanjaro lawama zinaanza, mteja kachemsha maziwa yake, utando juu haupo, basi mama wa watu keshaitwa mwizi anaongeza maji. Wapo wanaoongeza kweli, hao siwatetei. Ila mara nyingi jibu liko kwenye hori.

Majani yakikata wafugaji wengi tunajazia na pumba na mahindi ya kuparaza, na ng'ombe anaendelea kutoa lita za kutosha tu, wakati mwingine hata zinaongezeka, shida ni mafuta. Mafuta ya maziwa yanaanzia kwenye nyuzinyuzi. Ng'ombe akila majani ya tembo au mabua, bakteria wa kwenye lile tumbo kubwa wanachachusha zile nyuzi wanatoa asidi ya asetiki, ile ile ya kwenye siki, inaingia kwenye damu, kiwele kinaichukua kinatengenezea mafuta, karibu nusu ya mafuta yote yanatengenezwa hapo hapo kwenye kiwele. Sasa ukimpa wanga mwingi majani kidogo, hacheui vya kutosha, na kucheua ndo kunaleta mate, ng'ombe mkubwa anatoa hata zaidi ya lita 100 za mate kwa siku na hayo mate ndo yanapoza asidi tumboni. Yakipungua tumbo linachacha kupita kiasi, bakteria wanabadilika, na kuna aina za mafuta wanazitengeneza hapo ambazo zikifika kwenye kiwele zinakizuia kutengeneza mafuta yake. Mashudu ya alizeti yenye mafuta mengi ukizidisha yanaleta matokeo hayo hayo. Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa aina ya Friesian ambaye maziwa yake yalikuwa na mafuta asilimia 3.5 hivi anashuka chini ya 3 na hakuna aliyeongeza tone la maji.

Na laktomita, kile kifaa cha kupimia kama maziwa yameongezwa maji, haitakusaidia hapa, yenyewe inapima uzito wa maziwa kwa ujazo ule ule tu, na mafuta ni mepesi kuliko maji, maana yake maziwa yenye krimu nyingi yanasoma chini kidogo kuliko yaliyoenguliwa. Mtu mjanja akiengua krimu namba inapanda, halafu akiongeza maji kidogo inashuka, laktomita inasoma vizuri kabisa!

Vingine havibadiliki kirahisi. Sukari ya maziwa inakaa palepale karibu asilimia 4.7, sababu yenyewe ndo inavuta maji kuingia kwenye maziwa, ikipungua lita zinapungua. Kalsiamu pia, ng'ombe asipopata ya kutosha anaitoa kwenye mifupa yake mwenyewe, maziwa yako yatakuwa nayo ila yeye ndo anaumia. Protini inashuka kidogo akikosa chakula cha nguvu, kama wale wanaoshinda na migomba tu, migomba ni maji karibu yote jamani, msaidieni na majani ya mikunde kama lukina au kaliandra. Aidini, yaani madini joto, ndo inafuata chakula moja kwa moja, bila jiwe la chumvi lenye madini usitegemee kuiona kwenye maziwa.

Majani mabichi yana lake. Ile rangi ya njano kwenye siagi ni betakarotini ya majani, mwili wetu unaigeuza kuwa vitamini A, na mafuta ya omega-3 yanaongezeka pia. Majani machanga sana ya mwanzo wa mvua yana nyuzi kidogo kwa hiyo asilimia ya mafuta inaweza kushuka hata hapo, ila hayo mafuta yenyewe ni bora, mi nayapenda hayo kuliko ya pumba.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mahindi yakiota ukungu utasikia "hayo ya ng'ombe". Hapana! Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, ya kwenye mahindi, tukajifunza kuyatupa, alafu mengine yanaishia kwenye pumba. Ng'ombe akila, sehemu ya ile sumu ini lake linaigeuza tu kidogo na inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuchemsha hakuiondoi, unaweza kuchemsha mpaka yakauke. Mtoto anayelishwa uji wa mahindi na maziwa anaipata pande zote mbili. Ukiacha kumpa chakula kile maziwa yanasafika ndani ya siku chache, kwa hiyo hakuna sababu ya kusema nimalizie gunia kwanza. Mwaga. Na ukienda kununua pumba ingia mpaka stoo, angalia magunia yamewekwa juu ya mbao au yamelala kwenye sakafu yenye unyevu, ingiza mkono mpaka katikati ya gunia, ukikuta mabonge au joto liache hapo hapo hata akikupunguzia bei.