Aliyekuwa na orodha

Mdogo wangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu wengi mmenitumia pole za kimbunga tangu Jumapili, na baadhi ya pole zilikuja na picha za mishumaa. Yuko hai, watoto wote wawili wazima, madirisha ya upande mmoja hayapo na gari limelaliwa na mti. Mungu ashukuriwe. Kinachoninyima usingizi ni simu.

Mnajua anaishi Bowling Green, kule Kentucky, tangu wapelekwe Marekani kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Kimbunga kiliwapitia Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 2021, saa saba na kitu usiku kwao, saa nne na kitu asubuhi kwetu. Mimi wakati huo nilikuwa sokoni nampimia mteja kitenge cha yadi sita, tena nabishana naye kuhusu elfu mbili. Mchana ndipo kijana wa baba mdogo akaweka kwenye grupu la ukoo sauti ya mtu nisiyemjua, akilia kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, mashariki mwa Kongo, kwamba mji wote umekwisha. Nikapiga. Hakuna. Nikaandika, tiki moja. Jumamosi ikaisha na tiki moja, Jumapili nayo hivyohivyo.

Alipopatikana, maneno yalikuwa haya (yaya kwetu ni dada mkubwa). Nimeyarudia mpaka nayajua kama salamu.

"Yaya, tuko wazima."

"Tumekupigia mpaka basi! Simu ilikuwa wapi?"

"Umeme ulikatika. Chaji ilibaki asilimia sita, nikajua inatosha kupiga mara moja tu."

"Sasa ukampigia nani?"

"Supavaiza wa kazini."

Nikanyamaza. Akadhani mtandao umekata, akaanza haloo, haloo. Nikamwambia nipo. Ndipo akasema, polepole, namna mtu anavyomweleza mzee: "Yeye ndiye alikuwa na orodha ya majina ya kutafutwa, yaya."

Basi. Tukaendelea na mengine, jinsi alivyowaingiza watoto kwenye beseni la kuogea, akawavalisha helmeti za baiskeli na viatu, akavuta godoro juu yao akalilalia yeye mwenyewe. Jinsi mtoto wake mdogo alivyouliza kama wanaruhusiwa kwenda chooni. Nilicheka mahali pa kucheka. Lakini moyo ulikuwa umebaki kwa supavaiza.

Wiki hii jeshi la Uganda limeendelea kusonga ndani ya Kongo, mama mkubwa amelazwa na kuruhusiwa, na kodi ya kibanda imepandishwa. Mimi niko na supavaiza. Nakunja vitenge, najibu. Niko kwenye taksi ya Nsambya, hapa Kampala, najibu. Jibu ninalolipenda zaidi ni hili: na mimi niliyekubeba mgongoni kutoka Rutshuru mpaka Bunagana mpakani, tukikimbilia Uganda, mimi sina orodha? Halafu namwona supavaiza mwenyewe, ambaye sijawahi hata kumwona picha, amekaa na karatasi na kalamu, analisoma jina la mdogo wangu vibaya.

Mama wa kibanda cha pili ni mtu wa Bududa, milimani kule mashariki mwa Uganda. Nilimsimulia nikitarajia aniunge mkono. Hakuniunga. Alisema Machi 2010, mlima ulipoporomoka Nametsi, kila redio ilikuwa na hesabu yake. Watu walifanyiwa matanga wakiwa hai mjini Mbale wanauza vitunguu, na wengine waliofukiwa kweli hawajafukuliwa mpaka leo. "Mwenye orodha ni wa kwanza," akasema, akarudi kwenye kupanga nyanya zake.

Nikanuna. Lakini usiku nikatafuta habari za Mayfield, mji mwingine wa Kentucky uliopigwa usiku huohuo, na kimbunga tofauti, saa chache kabla ya Bowling Green. Kulikuwa na kiwanda cha mishumaa, watu 110 ndani, kazi za Krismasi. Jumamosi gavana, Andy Beshear, alisema waliokufa jimboni huenda wakafika 70 na hata kupita 100, na hofu kubwa ilikuwa hapo kiwandani. Dunia nzima ikaandika hivyo. Jumapili kiwanda kikasema waliothibitishwa kufa ni 8, wengine 8 hawajulikani walipo, na waliobaki, zaidi ya 90, wamepatikana. Walikuwa wapi? Umeme hakuna, simu hazishiki, kila mtu amekimbilia alikoweza. Walikuwa hai na hawana pa kusemea. Hata kimbunga chenyewe kilipewa sifa haraka, wakisema kimevunja rekodi ya 1925 ya kilomita 352, mpaka wapimaji walipofuata njia yake wakaona ni zaidi kidogo ya 260. Bado ni balaa, lakini si ile ya Jumamosi.

Nilikaa na hiyo 90 kwa muda. Katikati yake huenda kuna mtu aliyekuwa na asilimia sita kama mdogo wangu, akampigia mama yake. Mama akalia kwa furaha, akamshukuru Mungu, na kule kiwandani mtu mwenye tochi akaendelea kumfukua kwenye vyuma mtu ambaye yuko jikoni kwa shangazi yake. Mdogo wangu aliliona hilo akiwa bafuni na madirisha yamepasuka. Sasa hasira imepungua, siwezi kusema imekwisha. Nimemwandikia kwamba mara nyingine ampigie supavaiza, amwambie na supavaiza anipigie mimi. Amejibu kwa vicheko vingi.

Kuhusu mchango: kijana wa baba mdogo alikuwa ameshaanza kukusanya pesa za matanga Nakivale kabla hata ya Jumapili jioni. Tulipotangaza yuko hai, watu wakadai zao. Anasema zimeshanunua sukari na maharage. Matanga ya nani, hajibu. Mdogo wangu ameomba apelekewe risiti.

Huku kwangu shule zinafunguliwa tarehe 10 Januari 2022, baada ya kufungwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona, na kijana wangu wa kwanza hataki kusikia. Tangu zifungwe anakaanga chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, pale steji ya boda, na wiki nyingine anaingiza kuliko mimi. Jana nilimjaribisha suruali ya shule, ikaishia katikati ya muundi. Akaivua, akaikunja vizuri, akaniambia nimpe mdogo wake. Nikamuuliza na yeye atavaa nini. Akasema, "Mama, mwalimu wa hesabu mwenyewe anauza mkaa. Nitamkuta nani?" Kesho nakwenda kuona kama yupo mtu pale shuleni wa kuniambia ada ni ngapi, maana nasikia madarasa ya nyuma wameyageuza vyumba vya kupangisha, na mmoja wa wapangaji ana mbuzi.