Kumbukumbu ya mradi wa supu ya mifupa ya nguruwe: awamu ya supu nyeupe

Baada ya kumaliza supu angavu, inayopikwa kwa moto mdogo huku povu likienguliwa, nimehamia supu nyeupe ya tonkotsu, ambayo asili yake ni mji wa Kurume, katika kisiwa cha Kyushu nchini Japani, ambako huliwa pamoja na tambi. Nimeipikia mkaa, kwa kuwa kuchemsha saa nyingi kwa gesi ni gharama isiyo na sababu.

Buchani nilichukua makongoro na mifupa ya paja iliyopasuliwa, kwa sababu ngozi na kano za makongoro zina kolajeni nyingi (protini inayozipa uimara), na uboho huongeza mafuta na ladha. Nilivichemsha kwanza kwa muda mfupi, nikamwaga maji yote na kusugua mifupa hadi damu iliyoganda ikatoka. Hatua hiyo hairukwi, kwani damu ikibaki supu huwa ya kijivu, na tangawizi haiwezi kuificha harufu yake.

Weupe hautokani na kalsiamu. Maji yanapotokota kwa nguvu, mafuta hupasuka kuwa matone madogo sana, na jelatini, yaani kolajeni iliyolainishwa na joto, huyazuia yasiungane tena.

Kuhusu lishe, sifa za supu hii hutiwa chumvi mno. Kalsiamu inayotoka mifupani ni kidogo, haifikii ile ya dagaa wanaoliwa wazima. Protini yake kwa sehemu kubwa ni jelatini, yenye glisini na prolini tele (asidi amino, yaani vijenzi vya protini) lakini isiyo na triptofani, kijenzi ambacho mwili lazima ukipate kwenye chakula, hivyo haichukui nafasi ya nyama, mayai wala maharage.

Thamani yake iko katika upishi. Niliipoza haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, kisha ikalala kwenye jokofu na kuganda, mafuta yakajitenga juu. Hayo nimeyatunza ya kukaangia viazi. Maharage niliyoyapika kwa supu hiyo badala ya maji yametoa mchuzi mzito bila kuongezwa unga. Wapishi wa Shanghai hutumia ugandaji huohuo kwa ustadi zaidi: huchanganya jeli ya ngozi ya nguruwe na nyama ya kusaga, wakafunga katika vifuko vya unga, na mvuke huirudisha kuwa supu humohumo ndani.

Iliyobaki nimeigandisha katika vikopo vidogo bila chumvi, kwa sababu awamu ijayo nitaichemsha hadi ipungue nusu, na chumvi ingekolea kupita kiasi.