Mama alikuwa amelala, logi inasema alikuwa kazini

Mhasibu wa SACCOS moja ninayoihudumia alinipigia asubuhi: "Mwanangu, nimebonyeza Hifadhi mara tatu, hakuna kitu." Kufungua logi (kumbukumbu ambayo programu hujiandikia ikifanya kazi), mistari ya watumiaji wote imechanganyika kama dagaa fungu moja. Wake upi? Sikujua.

Jioni nikakaa na Logback, maktaba ya Java ya kuandika logi. Nikaandika filta, kipande cha msimbo ambacho kila ombi hupitia, inayokuja baada ya hatua ya kuingia (ikitangulia, mtumiaji bado hajulikani), ndani yake MDC.put("mtumiaji", namba). MDC ni kama mfuko wa maelezo ambao Logback huusoma inapoandika kila mstari. Namba ya akaunti, si jina: jina alilojiandikia mtu likigeuka jina la faili, umejitafutia balaa. Kwenye logback.xml nikaweka SiftingAppender, inayogawa mistari kwenye mafaili kwa kutazama MDC, kila mtumiaji akapata faili lake.

Kesho yake faili la yule mama mhasibu linaonyesha amefunga mikopo saa nane usiku. Yule mama, saa nane usiku!

Kosa lilikuwa langu. MDC hushikamana na uzi (thread) wa seva, yaani njia ya kazi inayoshughulikia ombi moja kwa wakati, na Tomcat, seva inayoendesha programu, haitupi uzi ombi likiisha, huupa ombi jingine. Kazi ile ya usiku ilitumwa na mfumo mwingine usioingia kwa akaunti, filta haikuandika chochote, namba ya mama ikabaki palepale. Dawa ni mstari mmoja, MDC.remove ndani ya finally (sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea), nami niliuruka kwa uvivu.

Mistari ya logi ya kutuma meseji za simu bado inatoka bila namba, maana naituma kazi hiyo kwa @Async, alama ya Spring inayoipeleka kazi kando, nayo hutumia uzi mwingine. Hapo nitanakili MDC kwenda uzi huo kwa getCopyOfContextMap, umeme ukirudi.