Siku Bibi alipovua leso

Ilikuwa 1996, Likoni, mi nina miaka 19 nimemaliza fomu foo juzi tu. Bomba la mtaa lilikuwa lishakauka kitambo, maji twanunua ya mkokoteni mtungi kwa mtungi, sasa jioni hiyo baada ya alasiri tukaitwa chini ya mwembe kuchagua kamati ya maji. Wanaume kwenye viti, sisi nyuma kwenye mikeka, majina yakasomwa tisa, yote ya wanaume, halafu ati kina mama watashughulika na chai.

Ndo akasimama Bibi. Alikuwa jirani yetu, Mmakonde wa Msumbiji, uso una chale za pembepembe mpaka kidevuni, asubuhi auza mbaazi na mahamri. Mzee mmoja akamwambia, "Bibi, wewe hata kitambulisho huna." Na kweli hakuwa nacho, Wamakonde wa huku Pwani walikuja kutambuliwa kuwa Wakenya 2016 baada ya kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi, yeye hakuiona siku hiyo na mpaka leo yaniuma. Alijibu hivi tu: "Maji nachota hapa."

Kisha akavua leso mbele ya wanaume wote, akainamisha kichwa. Utosini nywele hamna, pamekuwa laini kama kibuyu. Akasema hapo ndo palikaa masanduku ya risasi za FRELIMO, wale waliompigania Mreno uhuru wa Msumbiji, yeye na wanawake wenzake wakiyatoa upande wa Tanzania, wavuka Mto Ruvuma usiku, waingia nayo Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mtoto mgongoni. Sehemu ambazo Mreno alishaondoka kulikuwa na kamati, kuna shamba la pamoja, kuna shule, kuna chakula cha wapiganaji, na wanaolima na kubeba ni wanawake, lakini kikaoni macheyamani, yaani wenyeviti wa FRELIMO wa huko, hawataki kuwasikia. Kina Lazaro Nkavandame hao, mkubwa wa FRELIMO Cabo Delgado. Hata wasichana kufunzwa bunduki walipinga. Lakini 1967 wasichana 25 wa kwanza wakaenda kufunzwa Nachingwea, kambi ya FRELIMO huko Tanzania, ikawa Destacamento Feminino, kikosi cha wanawake, na kazi yao si vita peke yake, walikuwa wazunguka vijijini waitisha mikutano, wawaambia kina mama semeni, nyinyi ndo mwalisha vita hivi. Walipofika kijijini kwao Bibi wazee waliguna wakainuka wakaenda zao, wanawake wakabaki wakapanga zamu za shamba wenyewe mpaka usiku.

Josina Machel, mpiganaji wa kikosi hicho, alikuwa amtaja kama mtu atajavyo dadake, kafariki Dar 1971 na miaka 25 tu, Bibi akanyamaza kidogo hapo. Wala hakutudanganya kwamba mambo yalinyooka, alisema wako wenzake wengi waliorudi jikoni vita vilipoisha kama kwamba hawakuwahi kukaa kikao. "Ndo maana leo siketi chini," akasema.

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na nakumbuka vilikuwa vyagongana kwa vile mikono ilinitetemeka. Kijana mmoja akainuka akampisha kiti. Bibi hakukikalia, alinipokonya sinia akampa yule kijana, akanikalisha mimi, akaniwekea daftari mapajani. "Huyu amesoma, aandike."

Nikaandika tarehe. Nikanakili yale majina tisa, la kumi nikaandika lake, la kumi na moja langu.