Ghala langu Garsen lilivyopona mafuriko ya Tana

Masika ya 2024 maji yalilizunguka ghala langu pande zote, na mahindi hayakulowa. Nalisema kwa fahari, maana ushauri niliopewa ungelizamisha.

Wa kwanza: "Hapa hakuna mvua, unahangaikia nini?" Mvua ya mafuriko yetu hunyesha Mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, huko juu kwenye Mto Tana, yakiwa na nafasi hupunguza makali ya mafuriko. Yakishajaa, yanayoingia ndiyo yanayotoka, nayo hutufikia baada ya siku kadhaa. Nikisikia Masinga inamwagika, pampu naipandisha juu na tuta la magunia ya mchanga naanza, hata jua likiwaka.

Wa pili: jaza gunia pomoni. Gunia lililojaa halikunjiki, huacha mianya. Gunia la kilo 50 nalitia mchanga nusu na kidogo zaidi, silifungi kamba, mdomo naukunjia chini yake. Nyasi hung'olewa kwanza. Kila safu huziba viungo vya safu ya chini, kisha hukanyagwa. Tuta la sentimita 60 kwenda juu linataka kitako cha sentimita 180. Upande wa maji natandaza nailoni iliyolegea. Ikikazwa, hupasuka maji yakiisukuma.

Kilichoniokoa hasa ni jicho la maji. Ardhi yetu juu ni mfinyanzi, chini mchanga. Mto ukipanda, maji hupenya chini ya tuta na kububujika upande wa ndani: hilo ndilo jicho. Wote walipiga kelele, "Lizibe!" La! Ukiliziba, msukumo uko palepale chini na utatoboa kwingine. Tazama rangi: maji maangavu yaache yatiririke, yakitoa mchanga, msingi unaliwa. Langu lilitoa mchanga. Nikalizungushia magunia, nikiacha nafasi katikati, maji yakapanda ndani ya duara. Uzito wa maji hayo ndio unaokabili msukumo wa chini. Mchanga ulipokoma na maji kutakata, sikuongeza gunia hata moja. Nilifungua njia ndogo ya kuyatoa pembeni. Ukiinua duara hadi maji yakome kabisa, umeliziba jicho kwa njia ndefu.

Duara halifumuliwi mpaka mto urudi ndani ya kingo zake. Na mchanga wa magunia hayo usiupeleke kwenye kitalu cha mboga, maana maji yaliyoulowesha yamepita vyooni.