Bitana ya koti la yule mzee

Juzi nimepeleka koti kwa fundi hapa Tabora, zipu imekufa na kwapani pameachia. Fundi akaligeuza ndani nje, akalipapasa papasa halafu akaniuliza, "Kaka, hii bitana nifungue yote au nishone juu kwa juu?" Nikakaa kimya mpaka akauliza tena. Nikamwambia fanya unavyoona, nikaondoka, na tangu hapo nipo Kalinzi, kule milimani Kigoma. Yaani mwili uko Tabora unatafuna mahindi ya kuchoma ila akili iko Kalinzi, usiku, mvua, koroboi inafuka moshi, na mkono wangu uko kwenye gurudumu la cherehani.

Ni ile safari ya mimi na mjomba Singa. Mnaomfahamu mnajua jina lilikotoka, sasa cherehani yenyewe ndiyo hii ninayoisema.

Ilikuwa mvua zile za El Niño, mwisho wa 1997 kuingia 1998. Mimi nimemaliza la saba, jina halikutoka, kwa hiyo nilikuwa mali ya yeyote mwenye kazi ya kunipa. Mjomba kapata tenda ya kushona sare za shule kwetu Heru Juu, shule zinafunguliwa Januari, na cherehani yake imekufa ile ya kufa kabisa. Akasikia kuna familia Ujiji inauza Singer ya marehemu baba yao. Tukashuka na lori la maharage, mashine tukaipata, hela ikaishia pale pale, na usiku huo huo mvua ikakata barabara nyuma yetu. Ya Kasulu imekatika, ya Manyovu malori yamezama mpaka ekseli. Tukasubiri kwa ndugu mmoja, tukala migebuka ya watu mpaka tukaona aibu, asubuhi moja mjomba akaniambia, "Mjomba, miguu si tunayo."

Kwa ambao hamjawahi kubeba cherehani ya kukanyaga, ngoja niwaeleze, maana watu wanaiona imekaa barazani wanadhani ni kitu kimoja. Ni vitu vitatu. Kuna kichwa, hicho cheusi chenye maua ya dhahabu, kizito kwa namna ya kijinga kwa sababu uzito wote umekaa upande mmoja. Kuna meza. Halafu kuna ile miguu ya chuma na pedeli yake, ambayo aliyeibuni hakuwahi kufikiria kwamba kuna siku itapandishwa milima ya Buha, nchi yetu Waha. Mjomba akaazima baiskeli, akafunga miguu na meza kwenye keria kwa mipira. Kichwa akakiviringisha kwenye shuka, juu ya shuka nailoni, akanisokotea ngata, akanitwisha. "Ukianguka, anguka wewe, kichwa kibaki juu." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kutoka Ujiji mpaka Mwandiga ni tambarare, unapita michikichi, watu wanakusalimia, unajiona mwanaume. Kuanzia Bitale ardhi inaanza kusimama. Ziwa liko mita 773 juu ya bahari, kule juu milimani unavuka 1,500, hayo nimeyasoma ukubwani, wakati ule nilichojua ni kwamba shingo imeingia mabegani. Udongo mwekundu ukilowa unang'ang'ania kila kitu. Ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka baiskeli ikawa haisukumwi, inaburutwa tu, mjomba akasimama katikati ya njia akafungua madigadi yote mawili akayatupa porini (mwenye baiskeli alikuja kuyadai mpaka 2001). Tukiacha barabara tunafuata vijia vya mgongoni mwa milima, kwa sababu maji yanateremka barabarani na binadamu kule anapita juu. Mkono wa kushoto mawingu yakifunguka unaliona ziwa lote, na ng'ambo yake milima ya Kongo, halafu yanafunga tena unabaki na migomba na mibuni na ukungu na sauti ya mtu anayekohoa usimwone.

Sehemu moja tulisimamishwa na mgambo. Hii lazima niiseme. Kipindi kile serikali ilikuwa inawakusanya Warundi waliokuwa wanaishi vijijini nje ya kambi, wakiwemo watu waliokaa miaka na miaka, wameoa huku wamezaa huku, wanapakiwa wanapelekwa kambini. Na Kiha na Kirundi, mtu wa mbali hawezi kuvitofautisha, hata wa karibu wakati mwingine anajitia tu kwamba anajua. Kwa hiyo wanaume wawili wamelowa, wanatembea porini na kichwa cha cherehani, mgambo wakaona hapa kuna kazi. Wakamuuliza mjomba risiti ya kodi ya maendeleo. Akatoa, imekunjwa ndani ya nailoni, ndani ya soksi. Wakauliza Mwami, yaani mtemi, wa Heru zamani alikuwa nani, mjomba akajibu Mwami Tereza Ntare na mtoto wa miaka mitano kwetu anamjua. Wakatuachia. Mjomba hakuongea mpaka jioni.

Jioni ndiyo tukafika kwa yule mzee.

Nyumba ya udongo, bati kuukuu, migomba imeizunguka, iko peke yake chini kidogo ya mgongo wa kilima. Tukapiga hodi, zikafuata salamu zetu zile zisizoisha, za kupiga makofi na kuulizana mpaka habari za mbuzi, na mvua inatunyeshea wakati huo wote. Mzee akatuingiza. Alikuwa na mke wake na wajukuu, sikumbuki wangapi, walijaa gizani wanaangalia ule mzigo wa shuka. Tukapewa ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa mawese, nikala mpaka nikapata usingizi mkono ukiwa bado kwenye sahani.

Nilipoamka nilikuta mjomba ameshaifungua mashine. Alikuwa hana cha kumlipa mwenyeji, akamwambia mama, leteni vilivyochanika. Kuifunga miguu ingechukua saa nzima na boliti zote zimejaa tope, kwa hiyo akalaza meza juu ya vigoda viwili, akatumbukiza kichwa kwenye tundu lake, akaniambia njoo, wewe ndiye pedeli. Nikakaa pembeni nazungusha lile gurudumu la kichwa kwa mkono, yeye anaongoza nguo. "Polepole. Simama. Rudisha. Twende." Ndivyo tulivyoshona, mimi macho kwenye gurudumu, yeye pua imegusana na sindano kwa sababu koroboi ilikuwa moja na ilikuwa mbovu. Kaptula za shule. Kitenge. Gauni la mtoto. Habari sijui zilipitaje kwenye mvua ile, majirani wakaanza kuingia na vitu chini ya makwapa, mwingine kaleta mfuko wa salfeti tushone, mjomba akashona. Chumba kinanuka moshi na mafuta ya cherehani na watu waliolowa. Nilikuwa na furaha ambayo hadi leo sijui niiweke wapi, maana mkono ulikuwa unawaka moto.

Watu walipopungua, mzee mwenyewe akaenda ndani akarudi na koti. Koti zito, la zamani, la kahawia au lilishakuwa la kahawia. Akasema alilinunua Tanga, enzi za mkonge, alipokuwa manamba. Wazee wengi wa Buha walipita huko, wanapanda treni Kigoma, wanakwenda kukata mkonge, wanarudi na baiskeli au koti au hawarudi. Bitana ya upande wa kushoto ilikuwa imechanika kuanzia kwapani mpaka chini. Mjomba akabadilisha sindano, akaweka ile nene. Akaingiza vidole kwenye ule mchaniko alainishe kitambaa, na pale vidole vikasimama.

Mzee akasema, taratibu kabisa, "Hapo usifungue. Pita juu yake."

Mjomba akamwangalia. Wale watoto walikuwa wamelala. Yule mama alikuwa anachochea moto ambao haukuwa na haja ya kuchochewa. Mjomba akatoa vidole, akalaza koti chini ya mguu wa mashine, akaniambia, "Twende." Nikazungusha. Kitambaa, kitambaa, kitambaa, halafu sindano ikabadilisha sauti. Mtu aliyekaa karibu na cherehani anajua, nguo ikitobolewa inatoa sauti ya kuzama, hii ilikuwa kavu, kra, kra. "Simama," mjomba akasema. Akageuza koti kidogo akapita kando, akazunguka kona, akazunguka kona nyingine, akarudi mwanzo, mzee amesimama nyuma yetu na sisikii hata akipumua. Akafunga uzi. Akaukata kwa meno. Mzee akalipokea koti, akalivaa hapo hapo, ndani ya nyumba, usiku, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akasema asante wanangu, akaenda kulala nalo.

Asubuhi tukaondoka. Zilizobaki siku zile ni matope tu, tulilala sehemu nyingine na nyingine, tukavuka kijito nikiwa nimeshikilia mkia wa ng'ombe wa mtu, Manyovu tukaiacha upande mmoja tukakatiza kwenda Buhigwe, ambayo miaka hiyo bado ilikuwa Kasulu, tukaingia Heru Juu usiku na mbwa wetu wenyewe akatufukuza. Sare zilishonwa. Malipo yake yalitoka kwa mafungu, fungu la mwisho bado tunalisubiri. Kucha ya dole gumba la mguu wa kulia haijawahi kuota vizuri tangu mwaka ule.

Ila tulianza kubishana kabla hata hatujafika. Mjomba anasema ndani ya lile koti kulikuwa na hela. Hela za zamani za Mkoloni, mzee hakubadilisha kwa wakati, zikafia humo, na mtu hawezi kutupa jasho lake. Mimi nasema ilikuwa karatasi. Yeye anasema hela nayo ni karatasi, mjinga wewe. Nikiwa mdogo nilisema labda ni kile kipande cha manamba, kadi yake ya kazi kule mkongeni, kaitunza kama kumbukumbu. Nilipokua nikaanza kuwaza vingine, na nikikumbuka wale mgambo wa mchana ule ndiyo kabisa nawaza. Inawezekana ni karatasi inayosema yeye ni wa hapa, anaiweka pale ili siku wakija isipotee. Inawezekana inasema yeye ni wa kule, na kuichoma moto kashindwa. Kiha chake, mjomba huyo huyo alishawahi kuniambia, kilikuwa na vijineno. Nikamuuliza vijineno gani, akasema kila kijiji na vijineno vyake.

Kinachonisumbua siyo hata kilichokuwemo. Ni kwamba mjomba hakuuliza. Kwa miaka mingi niliona ule ni uungwana wa hali ya juu, mtu kakulaza kakulisha, anakwambia pita juu yake, unapita. Siku hizi sina uhakika. Inawezekana aliogopa kujua, maana ukishajua na mgambo akakuuliza kesho yake njiani, inabidi uchague. Na inawezekana alikuwa amechoka tu anataka kulala, mimi ndiye ninayemjengea ghorofa.

Barabara ya lami ilipofika nilipita pale na gari, nikamwomba dereva apunguze mwendo, nikatafuta ile nyumba. Milima yote inafanana ukiwa kwenye gari. Mjomba anasema nilikuwa natafuta upande usio wenyewe, eti hatukulala Kalinzi, tulikuwa tumeshaipita. Kwa hiyo hata hilo tunabishana.

Krismasi iliyopita tulikuwa wote Kasulu kwa mama, maneno yakaanza tena mezani, hela, karatasi, hela, karatasi, mama akachoka akasema nyie wawili wajinga, mzee mtu mzima, kitu kimeshonewa ndani ya koti upande wa moyo, hataki kiguswe, ile ni hirizi. Tukanyamaza, maana kwa kweli hatukuwahi kuiwaza.

Mjomba akasema, "Hirizi gani ina kona nne na picha?"

Nikamuuliza, "Picha umeionea wapi, mjomba?"

Akamwambia mama amsogezee pilipili.